Ushuru Hutozwa kwa Mzigo

Sokoni Tororo jina la mtoto halifichiki. Binti yangu anaitwa Apio. Kwa Wajopadhola, watu wa mume wangu, Apio ni pacha wa kike aliyetangulia kutoka tumboni, na anayemfuata ni Adongo. Kwa hiyo muuza nyanya akinisikia namwita mtoto, lazima achungulie nyuma yangu, atazame huku na huku, halafu aulize: "Nalongo, na Adongo umemwacha wapi?"

Siku nikiwa na nguvu namwambia. Siku nyingine najibu, "Yuko kwa bibi yake," nachukua nyanya zangu naondoka. Si uongo. Amelala huko, chini ya mwembe.

Nalongo ni neno la Waganda, mama wa pacha, ila limesambaa Uganda nzima kama chapati. Na cheo chenyewe hakifutwi: ukishazaa pacha, hata mmoja akifa, wewe ni Nalongo mpaka kaburini. Nilikitamani sana cheo hicho, naungama. Nakiungama hapa kwa sababu walimu wenzangu wawili wanajiandaa kwenda Kampala kwa matibabu ya uzazi, na kila mmoja kwa wakati wake amenivuta pembeni na kuniuliza swali lilelile: "Wewe uliwekewa wangapi?"

Mara ya kwanza wawili. Mara ya pili mmoja.

Lakini hebu lisikilizeni swali lenyewe. Mimi nafundisha Kiswahili, sikio langu halipitwi na ngeli. Kinachowekwa ni kiinitete, yaani yai lililokwisha kutungishwa na mbegu; ngeli yake ki-vi. Ilipasa kuuliza "vingapi". Sijawahi kumsikia mwanamke yeyote kwenye foleni ya kituo cha uzazi akisema vingapi. Wote tunasema wangapi. Yaani kitu kiko bado maabara, kidogo kuliko chembe ya chumvi, na sisi kichwani tumeshakivalisha soksi.

Nililelewa Jinja kwenye nyumba za reli. Baba, mtu wa Mombasa, hakutaka kusikia Kiingereza mezani. Mume wangu ni wakala wa forodha pale Malaba. Tulioana 2015. Miaka ya mitishamba, maombi na maneno ya watu naipita; aliyeipitia anaijua. Mwaka 2022 picha ya eksirei ilionyesha mirija yangu yote miwili imeziba, daktari akasema iliyobaki ni IVF: mayai yatolewe, yakutanishwe na mbegu za mume maabara, kisha kinachopatikana kirudishwe kwenye mji wa mimba.

Jambo hili kwetu si geni. Mtoto wa kwanza wa njia hii nchini Uganda alizaliwa Kampala mwaka 2004. Na mwishoni mwa Novemba 2023, sisi tukiwa tunamalizia kukusanya pesa, redio zote zilikuwa zinamtangaza Safina Namukwaya, bibi wa miaka 70 aliyejifungua pacha hapo Kampala. Mama mkwe alinipigia simu usiku. "Mwanangu umesikia? Miaka sabini! Wawili! Na wewe una thelathini na tano tu." Taarifa hiyohiyo ilisema watoto wale walizaliwa kabla ya miezi kutimia wakawekwa kwenye inkubeta. Ilisemwa waziwazi. Hatukuisikia.

Pesa yenyewe ilikaribia shilingi milioni 18 ukijumlisha na dawa. Mkopo wa SACCO ya walimu, kiwanja cha mume wangu, na ng'ombe mmoja wa mama mkwe. Ukishauza kiwanja na ng'ombe wa mtu, akili inaanza kupiga hesabu za ajabu. Mume wangu alizipiga kwa lugha ya kazi yake: "Mwalimu, lori moja likivuka na mizigo miwili, dereva ni yule mmoja, mafuta ni yaleyale." Tukacheka. Ilionekana hesabu safi kabisa.

Sindano nilijidunga tumboni siku 11. Umeme kwetu hauaminiki, kwa hiyo dawa zilikaa kwenye friji ya duka la jirani, nyuma ya soda, zimefungwa kwenye mfuko mweusi, na kila jioni saa moja naenda "kununua soda". Nadhani yule kijana wa duka mpaka leo anaamini nina kisukari.

Yakatoka mayai 14. Kesho yake maabara wakapiga simu: yaliyotunga ni manane. Siku ya tano yamebaki manne yaliyofikia hatua wanayoiita blastosisti. Kushuka huko kwa hesabu ni kawaida, ila hakuna aliyekuwa ametuandaa, na kila simu ilikuwa kama msiba mdogo. Nalitaja kwa sababu ndilo lililotutia hofu. Mtu aliyeona 14 ikawa 4 hawezi kuambiwa aweke kimoja akakubali kirahisi.

Siku ya kupandikiza huambiwa unywe maji mpaka kibofu kijae, ili altrasaundi iuone vizuri mji wa mimba. Nilikunywa lita moja na ushei. Nimekaa koridoni na gauni la kijani la kufunga kamba mgongoni, miguu nimeibana kama mwanafunzi aliyenyimwa ruhusa ya kutoka, ndipo nesi akaja na fomu ya ridhaa. Sehemu zote zilikuwa zimeshajazwa isipokuwa moja: idadi.

Daktari akapita, akasimama nusu.

"Mna vinne vizuri. Tuweke viwili?"

Mume wangu akanitazama, nikamtazama.

"Wawili," akasema.

"Wawili," nikasema.

Nesi akaandika 2. Hata kitenge huwa nanunua kwa muda mrefu kuliko ule.

Sikitaji kituo kile, na sisemi walitudanganya. Daktari alisema viwili, sisi tukajibu wawili, na hakuna aliyegundua kwamba hatuzungumzii kitu kimoja. Yeye alikuwa anahesabu nafasi: viwili, ili angalau kimoja kishike. Sisi tulikuwa tunaagiza watoto. Sheria ya kututenganishia hayo haikuwepo. Mbunge mwanamke wa wilaya yetu hii ya Tororo wakati huo, Sarah Opendi, alikuwa ameandaa muswada wa uzazi wa kusaidiwa wa mwaka 2023, lakini siku ile sisi tukiwa koridoni ulikuwa bado muswada. Uingereza mwanamke wa chini ya miaka 40 hawekewi zaidi ya viwili. Sweden tangu 2003 kawaida yao ni kimoja. Kwetu ilikuwa kalamu ya nesi na kibofu changu.

Vilishika vyote viwili. Wiki ya saba tukaona mioyo miwili inapepesa kwenye skrini kama taa za boda boda kwenye ukungu. Mama mkwe alipiga vigelegele kwenye simu mpaka mume wangu akaisogeza mbali na sikio. Niliitwa Nalongo hata tumbo halijatokeza, na niliitika. Jamani, niliitika vizuri sana.

Wiki ya 24 wakapima shingo ya mji wa mimba wakakuta imeanza kufupika. Nikahamia Kampala kwa mdogo wangu Namuwongo, nilale chali, nitumie projesteroni, homoni ya kutunza mimba, niombe. Hapo ndipo nilipojifunza, nikiwa nimeshachelewa, kwamba zaidi ya nusu ya pacha huzaliwa kabla ya wiki 37, na kwamba mama wa pacha yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu la mimba na ya kutokwa damu nyingi akijifungua. Muuguzi mmoja mzee alinieleza hayo huku anakunja mashuka, bila mbwembwe. Nikamuuliza kwa nini sikuambiwa mwanzo. Akasema, "Mama, watu wakiambiwa pacha, masikio yanaziba."

Chupa ilipasuka wiki ya 28, usiku. Nilipata sindano ya kwanza ya kukomaza mapafu ya watoto. Ya pili haikuwahi. Aliyetangulia alikuwa ametanguliza makalio, wakanipasua.

Apio alitoka na gramu 1,080. Adongo 890. Shika pakiti ya sukari ya kilo moja mkononi; Adongo alikuwa mwepesi kuliko hiyo, na ndani ya uzito huo mlikuwa na kucha, nyusi, na kidole gumba alichokuwa akikitafuta mdomoni hakipati.

Kwenye wodi ya watoto njiti siku haina asubuhi wala jioni, ina saa mbilimbili. Kila baada ya saa mbili, maziwa. Mililita mbili. Unakamua kifua kizima unapata kijiko, nesi anavuta kidogo kwa bomba la sindano, analiunganisha na kimrija kinachopita puani, analiinua juu kidogo, yanashuka yenyewe polepole. Huruhusiwi kusukuma. Nimewahi kusimamia mitihani ya taifa na sijawahi kuona ukimya kama ule wa akina mama wanaotazama mililita mbili zinashuka.

Walipotulia kidogo tukaanzishiwa kangaruu. Mtoto anavuliwa, anabaki na nepi na kofia, anawekwa kifuani ngozi kwa ngozi, anafungwa na leso. Joto la mtu linafanya kazi ya mashine. Nilimbeba Apio. Nesi akauliza, "Na huyu wa pili?" Hapo tu ndipo nilipoona kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili angekiona tangu koridoni: kifua ninacho kimoja.

Mama mkwe alikuwa nje, analala kwenye mkeka siku ya nne. Aliingia, akanawa mikono mpaka viwiko kama alivyoelekezwa, akavua blauzi nyuma ya pazia. Mwanamke wa miaka 64, amezaa watoto saba, wote nyumbani. Wakamwekea Adongo na bomba zake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki saa moja na nusu hakusogea, hata nzi alipotua kwenye paji la uso hakumpunga. Alikuwa anamwimbia Kidhopadhola, kwa sauti ya chini sana, wimbo ambao mume wangu alisema hajausikia tangu utoto.

Siku ya tisa Adongo alipata maambukizi kwenye damu. Alfajiri ya siku ya kumi tulikuwa na mtoto mmoja.

Apio alikaa wiki saba, akatoka na gramu 1,900. Siku ya kutoka mume wangu alipewa bili. Kila mtoto alikuwa na karatasi zake: kitanda, oksijeni, dawa, vipimo. Adongo naye alikuwa na zake, siku tisa, mstari kwa mstari. Alizisoma kwa muda mrefu, kidole kinashuka kama anavyosoma hati za mizigo. Halafu akasema, bila kunitazama: "Ushuru hutozwa kwa mzigo. Si kwa lori. Na mimi ndiyo kazi yangu."

Hatujawahi kuulipa mkopo wa SACCO kwa wakati tangu siku hiyo, ila hayo ni mengine.

Viinitete viwili vilibaki kwenye nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Huko hakuna kuzeeka. Mimi naelekea 38, vyenyewe bado vina umri wa mayai yangu ya miaka 35. Daktari alitaka tusubiri, kovu la upasuaji likomae. Tukasubiri mwaka na nusu. Safari hii nilikwenda kwa daktari mwingine, na nilikwenda na daftari.

Nilimuuliza kwanza jambo ambalo niliwahi kulisikia kwa mama mmoja kwenye foleni: je, viinitete vyangu viligandishwa kila kimoja na kijiti chake, au viwili kwenye kijiti kimoja? Kwa sababu vikiwa pamoja, ukiyeyusha umeyeyusha vyote, na uamuzi umeshafanywa na mtu wa maabara miaka miwili nyuma. Vyangu vilikuwa mbalimbali. Hilo ulizeni kabla ya kugandisha, msisubiri kama mimi. Na kama mnaishi mbali kama sisi, kilomita zaidi ya 200 kutoka Kampala, ulizeni pia wodi ya watoto njiti yenye vifaa iliyo karibu nanyi iko wapi, na mwende mkaione kwa macho kabla ya kuandika namba yoyote kwenye fomu. Ningeiona, nadhani mkono ungesita. Nadhani tu.

Daktari huyu alikaa. Alivuta kiti kabisa. Akasema mwaka 2004 watafiti wa Skandinavia walichapisha kazi waliyofanya kwa wanawake 661 wa chini ya miaka 36. Nusu waliwekewa viwili kwa mpigo. Nusu waliwekewa kimoja, na kisipofaulu wakawekewa kimoja cha barafu. Katika kila mia, kundi la kwanza waliopata mtoto walikuwa karibu 43. La pili karibu 39. Tofauti ndogo. Lakini kati ya hao waliopata mtoto, waliojifungua pacha kundi la kwanza ni theluthi nzima, na kundi la pili haikufika hata mmoja katika mia. "Kwa hiyo," akasema, "viwili kwa mpigo na viwili kwa zamu vinakaribiana sana kukupa mtoto. Haviko karibu kabisa kukupa pacha." Akaongeza kwamba hata kimoja huweza kugawanyika chenyewe kikawa pacha wa kufanana, mara chache, moja au mbili katika mia, na hilo hakuna fomu inayolizuia. Halafu akanikumbusha mtoto wa kwanza wa IVF duniani, Louise Brown, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Mama yake alitolewa yai moja, likawa kiinitete kimoja, ndicho kilichorudishwa.

Mume wangu alisikiliza yote, tukatoka, tukapanda basi kurudi nyumbani. Alinyamaza mpaka Namawojjolo, pale wachuuzi wanapokimbilia madirisha na mishikaki na gonja, zile ndizi za kuchoma. Akanunua gonja mbili, akanipa moja.

"Mimi bado nasema wawili."

Sikukasirika. Hoja zake zilikuwa za kweli. Kila mwaka tunalipa ada ya kuhifadhi, yeye anaiita ada ya ghala. Kila jaribio ni milioni zaidi ya nne na nauli na siku za kazi zinazopotea. Tukimaliza vyote mara moja, mlango umefungwa, tunalea Apio na lolote litakalokuja. Na kulikuwa na hoja nyingine ambayo hakuisema, nikaiona anavyoitafuna pamoja na ile gonja: anamtaka Adongo wake.

Nilimwambia kovu langu halijui hesabu. Nilimwambia tumbo hili limepasuliwa mara moja na shingo yake imeshafupika mara moja, likibeba wawili tena tunajua barabara inaelekea wapi kwa sababu tumeipita. Na nikamwambia mwingine akija si Adongo. Kwa desturi yao wenyewe anayefuata pacha ana jina lake, Akello akiwa wa kike, Okello akiwa wa kiume. Hakujibu. Tulivuka daraja la Jinja kimya.

Jioni ile tulimpitia Apio kwa bibi yake. Nilitegemea mama mkwe atakuwa upande wa mwanawe. Cheo cha bibi wa pacha alikuwa akikivaa kama gomesi mpya. Mume wangu akamweleza, akiwa na hakika ya kura. Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso.

"Wekeni mmoja. Mimi kifua ninacho kimoja, na magoti yameisha."

Basi.

Fomu ya safari hii niliijaza mwenyewe, nyumbani, mezani, kibofu kikiwa kitupu. Kwenye idadi nikaandika 1, na kwa herufi, kama kwenye hundi: kimoja. Mume wangu akasaini chini yangu.

Hakikushika. Siku ya kumi na moja damu ilichukuliwa asubuhi, saa nane mchana wakapiga simu. Nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha pili; niliendelea mpaka nikamaliza rundo, na kesho yake ikabidi nizisahihishe upya kwa sababu nilikuwa nimempa kila mtoto 14. Je, tungeweka viwili ingekuwaje? Najiuliza usiku, sikatai. Mume wangu hajawahi kuniuliza. Jioni ile aliosha vyombo vyote, hata sufuria ya posho iliyoungulia, akaisugua mpaka ikang'aa, na kwa kawaida sufuria hiyo huachwa ilowekwe hadi kesho.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni, Apio mgongoni, ujumbe ukaingia kwenye simu: ada ya mwaka ya kuhifadhi kiinitete 1. Nikaweka kikapu chini, nikalipa palepale. Muuza nyanya alikuwa ananisubiri nimalize, ameinamisha kichwa, anachungulia nyuma yangu.